Kopo la Saa Nane

Dumu lilikuwa la plastiki, rangi ya kahawia, la lita tatu, na jina la Kanze lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu nzito. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo ambayo Daktari Janet wa Garsen alisema yasiguswe, ni tindikali, yanaunguza ngozi. Iha alikuja nalo amelipakata juu ya pikipiki ya kukodi mpaka nyumbani kwao, nje kidogo ya Minjila, akalitua mezani. Mkewe Kanze na mama yake Nyale wakasogea, na watu watatu wazima wakalitazama lile dumu.

"Ndimo atakamokojoa?" Nyale akauliza mwishowe.

"Atakojoa kwenye kopo, mama, halafu amimine humo. Kutwa na kucha. Hata tone lisipotee."

Nyale alikuwa na miaka sitini na kitu, na katika miaka hiyo alikuwa amesikia mambo mengi ya hospitali, mengine ya kweli. Hili lilikuwa jipya. Watu hutafuta choo ili wauache mkojo huko, na huyu mkaza mwanawe anaambiwa auweke akiba. Alisema hivyo hivyo kwa sauti, na siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kanze alikuwa ameketi mkekani na taulo shingoni, na nyumba nzima ilikuwa imechoka, uchovu wa miezi minne ambao usingizi hauupunguzi.

Miezi minne hiyo Kanze alikuwa akishikwa. Neno lao lilikuwa hilo, kushikwa. Anapalilia, au anatwanga, au ameinama tu kuokota mwiko, mara kichwa kinataka kupasuka, moyo unagonga mpaka kanga inatikisika kifuani, uso unapauka, na jasho linamtoka chapachapa. Nusu saa baadaye kumekwisha. Anabaki amelala kama nguo iliyokamuliwa, hana homa, hana kidonda. Zahanati walisema malaria, kisha wakasema presha, kisha wakasema presha hakuna, maana kila alipofika kupimwa ilikuwa imeshashuka. Mpaka siku moja alishikwa pale pale kwenye benchi la Daktari Janet, na mashine ikaonyesha namba iliyomfanya daktari asimame.

Ndipo likaja hili la mkojo. Iha, ambaye ni mlinzi wa ghala la mpunga na ana subira ya watu wa kazi hiyo, alimweleza mama yake kama alivyoelezwa. Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo, kimekaa kama kofia. Ukikutana na kiboko shambani, hicho ndicho kinachomwaga dawa ya hofu kwenye damu, moyo ukaenda mbio na miguu ikapata nguvu ya kukimbia. Sasa huenda Kanze ana uvimbe pale, na uvimbe huo unaimwaga dawa ile wakati wowote, kiboko awepo asiwepo. Damu huificha, lakini masalio yake hutoka na mkojo. Yakikusanywa ya siku nzima na kupimwa huko Mombasa, uvimbe utajulikana, na uvimbe ukijulikana unakatwa.

"Na usipojulikana?"

"Daktari amesema mishipa ya kichwa inaweza kupasuka, mama. Siku yoyote."

Nyale alikitazama kisogo cha mkaza mwanawe. Alimpenda. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine. Lakini yeye tangu mwanzo alikuwa na maelezo yake. Ugonjwa wa Mungu humlaza mtu, akaugua, akapona au akafa. Huu unamwangusha mtu na kumwinua ndani ya nusu saa, kama unaopanda gari na kushuka.

"Kiboko asiyeonekana ana jina lake," akasema, "na jina lake si uvimbe."

Iha akalisogeza dumu ukutani. Alikuwa ameuza baiskeli kulipia kipimo kile, na hakuwa na nguvu ya kubishana.

*

Masharti yalikuwa mengi. Siku mbili kabla, Kanze asile ndizi, na nyumba ile ilikuwa ikiishi kwa ndizi. Asinywe chai wala kahawa, asile machungwa. Buya, jirani yao, alileta mkungu mzima wa ndizi kumpa pole mgonjwa, ikabidi upokelewe kwa shukrani na kufichwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa kumwelezea Buya sababu kulihitaji kutaja mkojo. Siku yenyewe ikifika, mkojo wa kwanza wa asubuhi umwagwe. Kuanzia hapo kila unaotoka uingie dumuni, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi ya pili, huo nao uingie. Na dumu likae penye baridi.

"Kwa hiyo upo wa kumwaga," Nyale alisema aliposikia hilo.

"Ule wa kwanza tu, mama."

Baridi ndiyo iliyokuwa taabu. Friji hawakuwa nalo, na barafu ilikuwa kwa Esha, mwanamke wa Kipini aliyekuwa akiuza samaki hapo Minjila penye makutano ya barabara. Nyale ndiye aliyetumwa. Alisimama pembeni akasubiri wateja waishe, kisha akainama juu ya meza ya samaki na kunong'ona. Esha hakusikia. Akanong'ona tena. Esha akaacha kisu.

"Mkojo? Kwenye kasha langu la samaki?"

Nyale akasema ni mkojo uliofungwa, hautagusana na kitu. Esha akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa swala tano na mfanyabiashara, na mambo yote mawili yalikuwa yakimwambia kitu kimoja.

"Najisi ni najisi, mamangu, hata ikifungwa na kufuli. Na watu wakisikia, nani tena atanunua kolekole kwangu?" Akafuta mikono. "Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Nyuma pale pana kasha bovu, kifuniko kimevunjika bawaba. Litwae, na barafu ntakupa. Usilirudishe. Wallahi, usilirudishe."

Nyale alishukuru mara tatu, akaliweka kasha kichwani. Alipogeuka kuondoka alimwona Esha akimimina maji juu ya meza, pale alipokuwa ameegemea yeye, na kupasugua. Njiani akakutana na Kache, mwanamke wa kanisani kwao ambaye habari zikimfikia asubuhi huwa zimeshalala kijiji cha Wema jioni. Kache akauliza kasha la nini. Nyale akasema wanatarajia wageni, watataka soda baridi. Uongo ule ulimtoka upesi kiasi cha kumshangaza mwenyewe.

*

Siku ya kipimo Iha alikuwa kazini, na Sidi, mtoto wao wa pekee, alikuwa shuleni. Asubuhi ilikwenda vizuri. Kanze alitoka na kopo lake kila alipohitaji, akarudi, akamimina, akafunga kifuniko, akapindua macho aliposikia mama mkwe akiguna. Mchana wakala ugali na kunde.

Saa nane ilimkuta Kanze ameinama juu ya sufuria. Nyale alisikia mwiko ukianguka. Alipofika jikoni alimkuta amepiga magoti, mikono imeshika kichwa, jasho limeshaanza. Hakuwahi kumwona ameshikwa vibaya namna ile. Alimvuta mpaka mkekani, akampepea kwa mfuniko, akamwita jina. Macho ya Kanze yalikuwa wazi na hayakuwa yakiona. Katikati ya hali hiyo akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kopo." Nyale akamshikia kopo, akamwinua kwapani, na Kanze, akitetemeka mwili mzima, akajikaza.

Kwao Nyale, kitu kinachomtoka mtu wakati ameshikwa hakikai nyumbani. Iwe matapishi, iwe maji ya kuoshea, kinachukuliwa mbio kabla hakijapoa, kinamwagwa njia panda, na anayekimwaga anarudi bila kugeuka nyuma. Ukikiacha ndani, kilichotoka kinajua njia ya kurudi. Alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa mzaha. Na sasa alikuwa na kopo mkononi, la moto, na kwenye kasha la barafu kuna dumu linalotaka akifungie kitu kile ndani, kikae usiku kucha chumba kimoja na mjukuu wake, kisha kipandishwe basi kupelekwa Mombasa kufunguliwa na watu wasiokijua. Akakumbuka pia kwamba daktari mwenyewe alisema upo wa kumwaga.

Hakufikiri sana. Alitoka mbio, yeye na magoti yake mabovu, mpaka pale njia ya mtoni inapokatana na ya shule, penye vichaka vya mathenge, ile miti ya miiba. Akamwaga. Akarudi bila kugeuka.

Kanze alipopata fahamu zake vizuri, la kwanza aliuliza habari ya kopo. "Umelimimina, mama?"

"Tayari," Nyale akasema.

Kanze akafumba macho. Alikuwa ametulia, amepata rangi, na Nyale aliona kwa macho yake kwamba amefanya jambo jema.

*

Majibu yalichukua siku kumi na nne. Walikwenda watatu Garsen, kwa kuwa Nyale alisema safari hii naye atakwenda, na katika chumba cha Daktari Janet palikuwa na viti viwili, hivyo Iha akasimama. Janet alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliigeuza ile karatasi mara mbili kabla ya kusema. Kipimo kilikuwa karibu na kawaida. Kiko juu, juu kidogo, lakini si kiasi cha kuonyesha uvimbe.

Hakuna aliyejua kama hiyo ni habari njema. Janet mwenyewe hakuonekana kujua.

"Siku ile ulishikwa?" akamwuliza Kanze.

"Nilishikwa. Saa nane. Vibaya kuliko siku zote."

"Na mkojo wa baada ya hapo uliingia dumuni?"

"Uliingia."

Janet akavua miwani. "Basi sielewi. Mkojo wa saa ile ndio hasa niliokuwa nautaka. Kama uvimbe upo, ungejaa humo. Kama uliingia na hakuna kitu, basi hakuna kitu, na mimi nilikosea." Akasema bila karatasi nzuri hawezi kumwombea picha ya tumbo huko Malindi. Atampa vidonge vya kutuliza, waje baada ya miezi mitatu.

Nyale alikuwa amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa daktari. Alisikia kila neno. Maneno yalifika mpaka kwenye meno yakakaa hapo. Aliona mwanawe amesimama na kofia mkononi. Aliona kwamba akisema, atasema mbele ya mgeni, mbele ya mwanawe, kwamba yeye ndiye aliyemwaga baiskeli kwenye vichaka vya mathenge. Akatazama chati ya chanjo ukutani mpaka wengine waliposimama.

Nyumbani kila kitu kilikwenda alivyokuwa akitaka tangu mwanzo, na haikumfurahisha hata kidogo. Iha aliketi nje akasema hospitali imemaliza lake. Mama amekuwa akisema ni pepo, basi pengine ni pepo, na pepo wa mwanamke hutibiwa kwao. Atampeleka Kanze Adu kwa wazazi wake Jumamosi, wamchezee ngoma, akipona atamfuata. Aliyasema hayo bila ukali. Alikuwa kama mtu anayetua mzigo kwa sababu mikono imekufa ganzi.

"Na nikifia kwenye ngoma?" Kanze akauliza.

Ngoma ya pepo ni ya kucha, mgonjwa hucheza mpaka aanguke. Nyale aliwahi kuona wanawake wenye nguvu wakitolewa mle wamebebwa. Siku tatu hakula vizuri. Mara mbili Kanze alishikwa, na mara zote mbili Nyale alimpepea akihesabu mapigo ya ile kanga kifuani, akisikia sauti ya daktari ikisema ungejaa humo. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, na husema kirahisi kwa sababu aghalabu ni maji tu.

*

Jumamosi asubuhi Iha alitoka kwenda kumtafuta Omar wa pikipiki. Kanze alikuwa chumbani akikunja kanga zake na kuzitia kwenye mfuko. Nyale akaingia na lile kopo mkononi, akaliweka kitandani, juu ya nguo.

"La saa nane sikulimimina," akasema.

Kanze hakuelewa. "La saa nane gani?"

"La siku ya dumu. Uliniuliza, nikakwambia tayari. Nililimwaga njia panda."

Kanze aliendelea kuikunja ile kanga, pembe kwa pembe, akaiweka. Kisha akaketi.

"Nilikuwa sioni kitu," akasema. "Nilikuwa nakufa, nikajikaza nisiumwage chini. Hata tone. Nikasema moyoni, hili likifika huko, nitapona."

"Niliogopa, mwanangu. Niliogopa lisikurudie."

"Ukaketi pale kwa daktari."

"Nikaketi."

Nyale akasimama akingoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kopo kurushwa. Kanze hakufanya lolote kati ya hayo. Aliliondoa kopo juu ya nguo zake kwa vidole viwili.

"Hawe Sidi," akasema, "mwambie Iha wewe mwenyewe. Mimi simwambii."

Hawe Sidi, bibi yake Sidi. Ndivyo majirani walivyokuwa wakimwita, na watu wa sokoni. Kwa miaka minane Kanze hakuwahi kumwita ila mama. Nyale alitoka chumbani ameinama kama aliyegonga kichwa mlangoni.

Iha alirudi na Omar. Nyale alimwambia pale pale uani, Omar akiwa bado juu ya pikipiki, kwa sababu alijua akingoja faragha atangoja mpaka kesho. Mficha uchi hazai. Iha alisikiliza mpaka mwisho. Alimlipa Omar nauli ya kuja bure, akamngoja aondoke, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Mama," akasema, "tuliuza baiskeli."

"Nina mbuzi wangu."

"Si mbuzi ninayemsema."

"Najua," Nyale akasema. "Lakini mbuzi ndiye niliye naye."

Mbuzi aliuzwa Jumatatu. Kwa Daktari Janet, Iha alimwacha mama yake aeleze mwenyewe, na akaeleza, akimtazama daktari kwenye uzi wa miwani. Janet hakugomba. Aliandika tu, akauliza saa, akaandika tena, akatoa dumu jingine. Nyale angependelea kugombezwa. Mwisho Janet akaonya jambo moja: akishikwa siku hiyo ni sawa, asiposhikwa pia huenda wakaona kitu, ila wasimtafutie kushikwa.

*

Basi ikaja siku ambayo nyumba ile, iliyokuwa imesali miezi mitano Kanze asishikwe, iliamka ikimsubiri ashikwe. Hawakuambiana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Saa nane ikaja, ikapita. Saa tisa. Kanze alipika, akafagia, akaanua nguo, mzima kama kijiti. Barafu ya Esha ilikuwa inayeyuka kwenye kasha bovu. Safari hii Esha hakusema habari ya najisi, aliuliza tu kama ni la yule yule mgonjwa, akaongeza barafu kwa koleo.

Saa kumi Kanze alitia mahindi kwenye kinu na kushika mchi.

Nyale alimwona kutoka kivulini, akainuka. "Daktari amesema tusitafute."

"Natwanga mahindi."

"Unga upo ndani, Kanze. Jana tumetoka kusaga." Nyale aliushika mchi kwa mikono yake miwili, na wanawake hao wawili wakasimama wameushika, kila mmoja upande wake. "Usijiue kwa ajili ya kopo."

"Nisiposhikwa leo, nitashikwa kesho kutwa, dumu limeshakwenda," Kanze akasema. "Watasema tena hakuna kitu. Nitakufa nikiwa sina kitu, na watu wataitana kuja kuzika pepo. Niachie."

Nyale alikuwa na hofu kuu kuliko ile ya siku ya kwanza, kwa kuwa sasa alijua anachokiogopa. Akauachia mchi. Hakwenda mbali. Alichukua kopo, akaketi juu ya jiwe, hatua mbili kutoka kwenye kinu.

Kanze alitwanga. Akainama kuchota, akainuka, akatwanga tena. Mara ya nne alipoinama hakuinuka. Nyale alimdaka kabla ya uso kufika chini. Ikawa kichwa, ikawa jasho, ikawa moyo ule, na Nyale alimpakata pale pale mavumbini, akimfuta, akirudia neno moja tu, nipo, nipo. Akadhani hataamka. Alidhani hivyo kweli, na akaona wazi jinsi atakavyomwambia Iha, na jinsi Iha atakavyomtazama. Kisha Kanze akagusa mkono wake, akaomba kopo.

Lilipojaa, Nyale alimlaza kwa upole na kuliinua kwa mikono miwili. Mwili wake mzima ulimvuta kuelekea njia ya mtoni. Mambo aliyofundishwa mtu akiwa na miaka sita hayafi kwa sababu daktari amesema. Aliingia ndani akitembea polepole, akafungua dumu, akamimina. Akalipiga kopo kwa kiganja kwenye kitako, mara mbili, mpaka tone la mwisho likadondoka. Akafunga, akalisukuma dumu chini ya barafu. Hapo ndipo alipoanza kulia.

Alfajiri Kanze alimaliza la mwisho. Iha alikuwa bado hajarudi kutoka lindo lake, na Omar alikuwa akingoja barabarani kulipeleka dumu Garsen, kwa kuwa njia ya kwao ilikuwa na tope. Nyale akajitwika kasha. Penye njia panda, karibu na vile vichaka, akakutana na Kache na wanawake wengine wawili wakienda mtoni na ndoo.

"Nyale, umekuwa mchuuzi siku hizi?" Kache akasema. "Leo una samaki gani?"

Nyale alisimama. Kasha lilikuwa zito, na maji ya barafu yalikuwa yakimtiririkia shingoni.

"Si samaki," akasema. "Ni mkojo wa mkaza mwanangu. Wote."

Akawapita.

*

Daktari Janet safari hii alikuwa ameazima kiti cha tatu. Hakuigeuza karatasi. Alisema namba ni mara nane ya inavyotakiwa, kwamba uvimbe upo, na kwamba karibu wote wa aina hiyo hukatwa na mtu akarudi shambani. Alisema hayo kwa furaha ya mtu aliyejua tangu mwanzo, kisha akaona nyuso zilizo mbele yake, akapunguza sauti. Kwanza picha Malindi. Kisha wiki kadhaa za vidonge vya kuituliza presha, maana uvimbe ule haukatwi kwa pupa. Kisha Mombasa.

Iha alikuwa ameanza kuuliza habari za bima na za kulala. Kila jibu lilizaa swali jingine, na kila swali lilikuwa na nauli ndani yake. Nyale alisikiliza akiwa amechoka kama aliyelima tangu alfajiri. Tangu ile Jumamosi, Kanze alimsemesha yanayolazimu tu: chumvi iko wapi, Hawe Sidi, mvua inakuja, Hawe Sidi.

"Na baada ya kukatwa," Janet akasema, akivuta fomu, "mkojo utakusanywa tena. Saa ishirini na nne, vile vile, tujue kama umetoka wote. Kanze atakuwa na mshono, hataweza kuinama. Nahitaji jina la mtu mmoja atakayekuwa naye, wa kumshikia kopo na kumimina. Mmoja tu, anayeaminika."

Iha akakohoa. Akasema dada yake anaishi Malindi, pengine akiombwa. Nyale aliitazama ile chati ya chanjo, ambayo alikuwa anaijua kwa moyo.

"Mama," Kanze akasema.

Janet akainua kalamu. "Mama yako wa Adu?"

"La," Kanze akasema. "Huyu hapa."